Kuvuka bahari kuu wakati upepo umelegea: mwongozo kwa mabaharia wa Ziwa Kivu

Vijana wa Bukavu wanaojifunza kuendesha mashua ya tanga kwenye Ziwa Kivu huniuliza sana kuhusu dhoruba za baharini, na ni haki yao kuuliza. Hata hivyo, mtu anayejiandaa kwa safari ndefu katika ukanda wa joto atakutana na upepo mdogo mara nyingi zaidi kuliko atakavyokutana na dhoruba, na upepo huo mdogo ndio utakaoamua kama maji ya kunywa yatamtosha, kama matanga yake yatafika yakiwa mazima, na kama watu aliosafiri nao watakuwa bado wanasemezana siku ya kushuka pwani. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo, nami ninauandika kwa msimamo mmoja: shwari haingojewi kwa mikono mitupu. Mwendo mdogo hutafutwa, hulindwa na kuhesabiwa saa baada ya saa.

Upepo ninaouita hafifu ni ule wa chini ya noti 7, yaani vipimo 0, 1 na 2 katika mizani ambayo Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliipanga mwaka 1805. Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852. Mashua ninayoifikiria ni ya mita 10 au 11, yenye mlingoti mmoja, tanga kuu, tanga la mbele, injini ndogo ya mazutu (dizeli) na watu wanne. Safari nitakayoitumia kama mfano ni ile ya kutoka Mombasa hadi Mahé, huko Shelisheli, takribani maili 950 kuelekea mashariki. Nimeichagua kwa kuwa Mombasa ni mojawapo ya bandari ambazo mtu wa Kivu anaweza kuzifikia kwa barabara, na kwa kuwa njia hiyo yote iko karibu na ikweta, mahali ambapo upepo una desturi ya kulala.

Mahali na majira ya shwari

Upepo haulali ovyo. Karibu na ikweta, pepo za kudumu zinazotoka kaskazini-mashariki hukutana na zile zinazotoka kusini-mashariki. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu badala ya kwenda mbele, na huku chini juu ya maji kunabaki utulivu, joto kali, mawingu marefu na mvua za ghafla. Wafaransa huuita ukanda huo Pot-au-Noir, na wale wanaofuatilia kwa redio mashindano ya Vendée Globe, ya kuizunguka dunia kwa tanga, wamekwisha kusikia jinsi mashua zenye kasi kubwa kabisa zinavyokwama humo. Ukanda huu haukai mahali pamoja, bali hulifuata jua, ukisogea kaskazini katikati ya mwaka na kurudi kusini mwishoni mwake. Katika Atlantiki ni mpana upande wa Afrika na mwembamba zaidi upande wa Brazili, na ndiyo sababu manahodha wanaoshuka kutoka Ulaya huenda kwanza magharibi kabla ya kukata ikweta.

Ipo pia shwari ya aina nyingine, karibu na latitudo 30 kaskazini na kusini, ambako hewa hushuka badala ya kupanda. Huko anga huwa safi, kipimahewa husoma juu, na mashua inaweza kukaa siku kadhaa bila wingu wala upepo. Ni muhimu baharia ajue yumo katika ipi. Katika shwari ya ikweta upepo utakuja pamoja na wingu, kwa hiyo kazi yake ni kuyatazama mawingu na kuwa tayari. Katika ile ya latitudo 30 hakuna kitakachokuja kumtoa, na inambidi aondoke mwenyewe katikati ya eneo la mkandamizo mkubwa, kwa kuelekea ukingoni mwake hata kama ukingo huo hauko kwenye njia ya moja kwa moja.

Katika Bahari ya Hindi mambo hutawaliwa na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, na kusi, upepo wa kutoka kusini. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa 12 hadi wa tatu, na kusi kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa au wa kumi. Katikati ya majira hayo kuna vipindi ambavyo watu wa pwani huviita tanga mbili, na pepo zake zisizo na msimamo huitwa maleleji. Anayetaka kwenda Shelisheli ana uchaguzi mgumu. Wakati wa kusi upepo upo tele, lakini unamjia usoni, naye atabisha, yaani atakwenda kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo, kwa siku nyingi katika bahari iliyochafuka. Wakati wa tanga mbili bahari imetulia, lakini upepo ni haba. Mimi ningeondoka mwishoni mwa kaskazi, kwa sababu ambayo haionekani katika ramani ya pepo, nayo ni mkondo wa maji. Katika majira hayo mkondo wa Somalia unaoshuka kusini hukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unaopanda kaskazini, na maji yao hugeuka pamoja kuelekea mashariki, kusini kidogo ya ikweta. Mkondo wa noti moja tu hukusogeza maili 24 kwa siku hata matanga yote yakiwa yameshushwa. Siku ambayo mashua imejipatia maili 40 kwa upepo wake yenyewe, hizo 24 si kitu cha kudharau, na kwa hiyo kila mchana linganisha mwendo unaoonyeshwa na kipima mwendo cha majini na ule unaoonyeshwa na setilaiti: tofauti yake ni mkondo, nao ndio unaokuambia kama inafaa kubaki katika latitudo uliyopo au kusogea maili kumi au ishirini kaskazini au kusini.

Kuhusu utabiri, jumbe za hali ya hewa zinazopokelewa kwa simu ya setilaiti ni msaada mkubwa pepo zinapokuwa na nguvu, lakini upepo ukiwa chini ya noti 5 usiuamini sana mshale unaoonyesha mwelekeo. Kipimahewa nacho kinataka uangalifu. Katika nchi za joto mkandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, ukifika juu yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kufika chini yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa tofauti ya hektopaskali 2 au 3 hivi. Kushuka huko kwa alasiri ni kwa kawaida, wala hakumaanishi kwamba upepo unakuja.

Hesabu kabla ya kung'oa nanga

Chukua karatasi ufanye hesabu tatu. Kwa mwendo wa noti 5, maili 950 ni safari ya siku 8. Kwa noti 3, ni siku 13. Kwa noti 2, ni siku 20. Maji na chakula vipangwe kwa hesabu ya tatu, si kwa ya kwanza. Watu wanne wanaokunywa na kupikia lita 4 kila mmoja kwa siku wanahitaji lita 320 kwa siku 20, na maji hayo yasikae katika tangi moja, kwa sababu tangi moja likipasuka au likiingia chumvi, safari nzima imo hatarini. Sehemu yake iwekwe katika mabidoni yaliyofungwa vizuri, yasiyojazwa mpaka juu, ili yakianguka majini yaelee. Unga, mchele, maharage na samaki wakavu havisumbui. Mboga mbichi zitaisha katika wiki ya kwanza, na ni bora kukubali hivyo mapema.

Hesabu ya mazutu ndiyo inayowashangaza wengi. Tuseme tangi lina lita 120, na injini inatumia lita 2 kwa saa ikiisukuma mashua kwa noti 4.5. Toa lita 40 ambazo hazitaguswa, kwa ajili ya kuingia bandarini, kuikwepa meli na kuchaji betri. Zinabaki lita 80, yaani saa 40, yaani maili 180. Hiyo haifikii hata sehemu ya tano ya safari. Anayeondoka akijiambia kwamba injini itamwokoa upepo ukilala amejidanganya kabla hajatoka bandarini. Zingatia pia kwamba nguvu inayohitajika huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe: ukishuka kutoka noti 6 hadi noti 4.5, matumizi ya mafuta kwa saa hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo injini iendeshwe polepole siku zote isipokuwa kuna hatari.

Sehemu ya chini ya mashua lazima iwe safi, na hili nalisisitiza kuliko mengine yote ya maandalizi. Mashua inapokwenda kwa kasi, nguvu nyingi hupotea katika kutengeneza mawimbi. Inapokwenda kwa noti 1 au 2, karibu kizuizi chote ni msuguano wa maji dhidi ya mbao au plastiki, hivyo mwani mdogo ambao hungeuhisi katika upepo wa noti 15 unaweza kuichukua sehemu kubwa ya mwendo wako katika upepo wa noti 4. Ziwani Kivu tumezoea ute wa kijani tu, ambao unafutika kwa kitambaa. Baharini wapo viumbe wenye magamba wanaojishikiza na kukua hata mashua ikiwa safarini, na hao huondolewa kwa kukwangua. Rafadha ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita elisi, nayo huburuza maji inapokuwa haifanyi kazi. Kama ni ya kukunja, hakikisha inajikunja kweli.

Kulinda mwendo mdogo

Hapa ndipo palipo na kazi yenyewe. Upepo unaolifanyia tanga kazi si ule unaovuma juu ya bahari peke yake, bali ni ule ambao mashua inauhisi ikiwa katika mwendo, na nguvu yake juu ya tanga huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Fikiria upepo wa noti 5. Mashua inayokwenda noti 2 huku upepo ukiwa nyuma yake kabisa inahisi noti 3 tu. Mashua hiyohiyo ikigeuzwa upepo ukawa ubavuni, na ikafikia noti 3, inahisi karibu noti 5.8. Ukipiga mraba, ya kwanza ina 9 na ya pili ina 34, karibu mara nne. Kwa hiyo kanuni ninayowafundisha wanafunzi wangu ni hii: kwanza tafuta mwendo, kisha tafuta mwelekeo. Ukisimama, usilazimishe omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, ielekee unakokwenda. Igeuze mashua mpaka upepo uje ubavuni, uipe muda ianze kusogea, halafu uirudishe kwenye njia kidogo kidogo huku ukiangalia kwamba kasi haipotei.

Kwa sababu hiyo pia, usiende na upepo wa mgongoni moja kwa moja. Ukipinda digrii 20 kutoka kwenye njia, safari inaongezeka kwa asilimia 6 tu; ukipinda digrii 30, kwa asilimia 15; ukipinda digrii 40, kwa asilimia 31. Kama ulikuwa unakwenda noti 3 kwa upepo wa nyuma, unahitaji noti 3.5 tu ili digrii 30 zikulipe, na katika upepo hafifu mara nyingi utapata zaidi ya hapo. Zaidi ya digrii 40 faida huanza kuliwa na umbali. Mashua inayokwenda kwa pembe pia huyumba kidogo kuliko ile yenye upepo mgongoni, na matanga yake hayapigi.

Kuhusu umbo la tanga, wengi hudhani kwamba upepo ukipungua lazima tanga lipewe tumbo kubwa. Ni kweli kwa upepo wa noti 4 hadi 8: legeza kidogo henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, legeza kamba inayolivuta tanga kuu kwenye ncha ya boriti yake, na uiachie demani, yaani kamba inayolivuta tanga ndani, mpaka sehemu ya juu ya tanga ifunguke. Lakini chini ya noti 3 hewa haina nguvu ya kufuata mkunjo mkubwa. Inabanduka, na tanga linakuwa ukuta tu. Hapo lipunguze tumbo na uliache wazi juu, kwa kuwa upepo ulio kileleni mwa mlingoti huwa na kasi zaidi, na mara nyingi huvuma kutoka upande tofauti kidogo na ule ulio karibu na maji. Shonea nyuzi nyepesi za sufi kwenye tanga, pande zote mbili, na uzitazame hizo kuliko unavyotazama mitambo. Uzi wa upande wa demani, yaani upande usiopigwa na upepo, ukilegea na kuanguka, umelivuta tanga kupita kiasi. Kosa la kuvuta sana ni la kawaida kuliko la kuachia sana, na huiua mashua kimyakimya, kwa sababu tanga lililovutwa linaonekana limetulia na kupendeza.

Badilisha pia kamba. Demani nene iliyolowa maji hulivuta tanga la mbele chini kwa uzito wake. Weka kamba nyembamba, nyepesi, isiyonyonya maji. Kama una tanga jepesi la kitambaa cha nailoni, spinaka au jenaka, huu ndio wakati wake.

Watu nao ni uzito. Waweke upande wa demani, ili mashua iinamie upande huo na matanga yaanguke yenyewe katika umbo lake badala ya kurudi nyuma kila upepo unapopumua. Na wawe mbele kidogo kuliko kawaida, ili tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, isiburuze maji. Wakishakaa, wasihamehame. Anayelazimika kupita aende kama mama aliyebeba mtoto aliyelala, kwa maana mtikisiko mmoja wa mguu hulimwaga tanga upepo ambao lilihitaji dakika kadhaa kuukusanya. Mshika usukani autumie vidole viwili. Kila unapogeuza usukani kwa nguvu, bamba lake linakuwa breki, na katika noti 2 huna mwendo wa kutupa.

Mara nyingi inafaa mtu ashike usukani mwenyewe. Usukani unaoongozwa na upepo, ambao ni mtumishi mwaminifu katika noti 15, hauna nguvu ya kugeuza chochote katika noti 4, hasa upepo ukitoka nyuma. Rubani wa umeme anafanya kazi vizuri zaidi, lakini anakula betri, nazo paneli za jua ndizo pekee zinazochaji, kwa kuwa jenereta ya upepo nayo imelala. Zima friji kabla ya kumzima rubani usiku.

Mazoezi ya haya yote yanapatikana hapa kwetu. Usiku hewa baridi ya milimani huteremka kuelekea ziwani, na mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Kati ya hizo mbili kuna muda wa utulivu, wakati ambapo wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanarudi na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa. Saa hizo ndizo za kujifunza. Ondokeni Bukavu alfajiri mkielekea upande wa kusini wa kisiwa cha Idjwi, kila mtu akiwa amevaa jile ya kuokolea, mtumbwi wenye mota ukiwafuata kwa mbali, na mshindane ni nani atakayeweka mashua katika mwendo kwa muda mrefu bila kupiga kasia. Ziwa letu liko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo noti 5 za hapa husukuma kwa nguvu ndogo kuliko noti 5 za pwani. Mwanafunzi anayeweza kuisogeza mashua hapa atakuwa na mkono mwepesi huko. Kitu kimoja ambacho Kivu haiwezi kumfundisha ni wimbi la mbali.

Wimbi bila upepo

Baharini mawimbi makubwa yanayotoka katika dhoruba za mbali huendelea kupita hata pale ambapo hakuna upepo kabisa. Mashua isiyo na mwendo hulala kushoto na kulia, boriti ya tanga kuu hupiga upande huu na upande ule, na kila kipigo hulegeza mishono, huvunja vyuma vya kiungio chake na mlingoti, na husaga kamba mahali palepale. Kwa maoni yangu shwari yenye wimbi huharibu vyombo kuliko upepo wa noti 25, na uharibifu wake huanza polepole kiasi kwamba hakuna anayeuandika katika daftari. Funga boriti kwa kamba inayoizuia isirudi. Kama tanga kuu bado linapiga, lishushe. Usilione hilo kuwa ni kushindwa. Tanga la mbele likipiga kwenye mlingoti, likunje nalo. Kisha panda au mpandishe mtu, wimbi likiruhusu, akague vichwa vya henza, na kila asubuhi sogeza henza kwa upana wa kiganja ili isisagike mahali pale pale.

Wingu na mvua yake

Katika ukanda wa ikweta, upepo hafifu na upepo mkali hukaa jirani. Wingu refu lenye msingi mweusi linaweza kuleta noti 30 kwa dakika ishirini baada ya asubuhi nzima ya noti 2, na tanga jepesi la nailoni linaweza kuraruka kabla mtu wa pili hajafika juu. Mvua inapoanguka huiburuza hewa baridi chini, nayo husambaa nje kutoka katikati ya wingu. Wingu linalokuja likiwa na mvua chini yake, basi, lina upepo mbele yake, na mara nyingi linaacha nyuma yake utulivu wa saa nzima au zaidi. Baharia mzoefu huutumia ule wa mbele na kujitahidi asibaki katika ule mkia. Kwa hiyo shusha tanga jepesi wingu likiwa bado mbali, punguza tanga kuu, kisha chukua mwendo wote utakaopewa. Usiku, ambapo rangi ya wingu haionekani, mimi nashauri tanga jepesi lishushwe jua linapozama kama watu ni wachache. Maili mbili tatu zitakazopotea hazifanani na kazi ya kuvua nailoni iliyonaswa chini ya mashua gizani.

Mvua hiyo ni maji pia. Tandika turubai lenye mteremko, au tumia mkunjo wa tanga kuu juu ya boriti, uyaache maji ya kwanza yaoshe chumvi, uonje, halafu ujaze mabidoni.

Injini iwashwe lini?

Weka sharti kabla ya safari, likiwa limeandikwa, ili lisijadiliwe na watu waliochoka. Sharti langu ni kwamba injini huwashwa kwa ajili ya kufika mahali panapojulikana, si kwa ajili ya kuondoa uchovu. Kama utabiri wa siku mbili mfululizo unaonyesha upepo umbali wa maili 60, saa 13 za injini zina maana. Kama utabiri unaonyesha shwari pande zote, mafuta hayo yatakupeleka kutoka shwari hadi shwari. Afadhali kuitumia injini alfajiri, kabla ya jua kali, na wakati huohuo kuchaji betri. Injini ikisaidia matanga, mashua inahesabiwa kuwa chombo cha injini kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano: mchana itundike mbele alama ya koni yenye ncha chini, usiku iwashe taa ya chombo cha injini, na isidai haki ya chombo cha tanga. Na mashua iliyolala katika njia ya meli haiwezi kuikwepa meli kwa matanga, hivyo zamu haiachwi hata kama maji yametulia kabisa, na injini ijaribiwe kila siku ili iwake siku ya haja.

Watu

Joto la shwari hukausha mwili na kuharibu tabia. Tandika kivuli juu ya sehemu ya kukaa, pika asubuhi na jioni tu, na uhakikishe kila mtu anakunywa hata asiposikia kiu. Zamu za usukani ziwe fupi kuliko za kawaida, saa moja moja mchana, kwa sababu kuufuatilia upepo wa noti 3 kunachosha akili haraka. Nahodha aseme wazi kila jioni maili zilizopatikana, maji yaliyobaki na mazutu yaliyobaki; watu huvumilia hesabu mbaya kuliko wanavyovumilia kutojua. Na kama anaona kwamba maji hayatatosha, apunguze kipimo mapema, kwa wote sawa, akianza na yeye.

Kuogelea kunavutia, na kunaua. Mashua yenye tanga lililobaki juu inaweza kuanza kusogea kwa pumzi ndogo ya upepo kwa kasi ambayo mwogeleaji hawezi kuifikia. Matanga yote yashushwe, ngazi iteremshwe, kamba ndefu yenye boya ivutwe nyuma, mtu mmoja abaki juu akitazama, na asiwepo anayeingia majini bila idhini ya nahodha. Huo pia ndio wakati wa kukwangua wale viumbe wenye magamba.

Upepo unaporudi

Dalili ya kwanza huonekana juu ya maji: mstari mweusi wa viwimbi vidogo kwenye upeo, ukisogea. Geuza mashua ili upepo huo ukukute ubavuni, si usoni, na uwe na tanga sahihi tayari kabla haujafika. Kabla ya kuongeza kasi, kagua mishono, henza, demani na kiungio cha boriti, kwa kuwa kilichosagwa katika shwari hukatika katika noti 15. Kisha andika mahali ulipo, lita za mazutu na za maji zilizobaki, fanya upya hesabu ya siku kwa umbali uliosalia, na uwatumie ujumbe wanaokusubiri Mahé na nyumbani Bukavu wenye tarehe mpya ya kufika.